Tawi la Mwarobaini

Kwenye basi la kutoka Kibwezi, mama mwenye mfuko wa ndengu alichungulia simu ya kijana aliyekaa naye. "Hao ni watu wa wapi?"

"Wapashtuni, mama, wa Pakistan. Waliandamana bila silaha wakiulizia watu wao waliopotea, polisi wakawapiga risasi."

"Walikuwa wamebeba matawi?"

Swali halikuwa baya, maana hapa kwetu anayeandamana hushika tawi ili polisi wajue hana ubaya.

"Si hata hapa walibeba na wakapigwa tu," kijana akasema.

"Najua. Mwanangu alikufa bado ameshika la mwarobaini."

Kijana alizima simu. Basi liliposimama Kambu mama alishuka, kisha akarudi dirishani.

"Hebu waulize huko, wao hubeba nini?"