Skuli ya Ghalani

Tangu basi litoke Ibra kwenda Sur, Hajar, muuguzi aliyekuwa akirudi kazini, alitaka kulala, lakini ubishi wa mbele yake haukumpa nafasi. Bi Ghanima, mwalimu mstaafu mzaliwa wa Unguja, alikuwa akizungumza na Saud, kijana aliyekaa upande wa pili wa njia. Ndio kwanza wajuane. Saud alikuwa akiandika historia ya wilaya yao kwa ofisi ya wali, mkuu wa wilaya hiyo.

"Skuli ya wasichana ilifunguliwa sabini na sita, bibi. Faili linasema hivyo."

"Faili linasema jengo, baba. Sisi tulianza sabini na tatu, katika ghala la tende. Kiarabu changu kilikuwa cha kubabaisha. Wanafunzi wakinicheka, nami nikiwafundisha hesabu hivyo hivyo."

"Ipo karatasi?"

"Karatasi? Ubao wenyewe tuliazima!"

Hajar alimwona Saud ni muungwana, ila aliyezoea kuamini mihuri.

"Bila karatasi siwezi kubadilisha mwaka, wallahi."

Bi Ghanima alishusha sauti.

"Basi mwaka uwache. Waandike wasichana. Kaltham, akija kwa miguu. Basma, mdogo wake. Zuwena, aliyefariki kwa uzazi kabla jengo halijainuka. Kwa faili lako, huyo hakusoma kabisa."

Basi likasimama Sur. Saud, aliyekwisha kuinuka na mkoba wake, akakaa tena, akatoa kalamu na kuyaandika majina yale matatu.

"Wa nne?" aliuliza.