Tulitenga Kikombe, Tukafunga Madirisha

Mgeni rasmi, ambaye ndiwe mwenye karakana hii, pamoja nanyi nyote mlioketi,

KARIBU

Sisi mafundi wa chumba cha kushonea tumefurahi kukuona umekuja kuzindua cherehani mpya. Ukisikia joto, usidhani ni la furaha yetu peke yake. Madirisha yamepigiliwa misumari.

TULIKOTOKA

Misumari uliagiza wewe, vumbi lisichafue mashati meupe. Nasi tulishangilia, maana upepo ulikuwa unatupeperushia vipande vya kola hadi barabarani. Kosa hili tuligawana.

Ndipo mwenzetu Fundi Kola akaanza kukohoa. Tukamtania kwamba amemeza uzi. Wiki zikapita, akakonda, usiku jasho likawa linalowesha shuka, nasi bado tunacheka. Mwenzetu mwingine, Mama Vifungo, hakucheka, kwani binti yake alikuwa anashona bega kwa bega na mgonjwa. Akafunga uzi mwekundu kwenye kikombe cha Fundi Kola, asije mwingine akakinywea, roho yake ikatulia. Kikombe kile kililindwa kama mboni ya jicho. Huku binti na Fundi Kola wanaimba mchana kutwa, pua kwa pua, chumba kimefungwa.

Binti naye akaanza kukohoa. Wakapimwa wote wawili, kipimo kikasema kifua kikuu. Mama Vifungo akamlalamikia muuguzi: "Lakini kikombe nilikitenga."

"Kikombe ulikitenga, mama," muuguzi akasema. "Na hewa je?"

TULICHOJIFUNZA

Ugonjwa huu hauambukizwi kwa kikombe wala kwa kupeana mkono. Mgonjwa akikohoa, akiimba, hata akipiga soga, vijidudu hutoka na pumzi vikaelea. Chumba kikifungwa vinabaki humo kutungoja. Ukivivuta vinashuka mapafuni. Kwa wengi mwili huvizuia, vikalala hata miaka, ila mwili ukidhoofika vinaamka. Kwa hiyo kikohozi kikivuka wiki mbili ukapime, hata wewe mgeni rasmi, usiseme ni kiyoyozi.

Sote tulipimwa. Wagonjwa wetu wanameza dawa na hawaambukizi tena.

CHANGAMOTO

Binti amenenepa, anajiona mzima. Juzi alimwambia mama yake, "Mama, nimepona, dawa za nini tena?" Mama Vifungo akamjibu atapona siku daktari atakaposema, si siku kioo kitakaposema. Akasimama mlangoni mpaka kidonge kikashuka.

OMBI

Jumatatu Fundi Kola na binti wanarudi kazini. Mama Vifungo ameapa binti yake hakanyagi humu madirisha yakiwa hivi. Si kwamba tunawaogopa hao wawili, tunamwogopa atakayekohoa kesho bila kujijua. Tumekubaliana naye. Ukitukuta Jumatatu tumekaa nje na mashati mapajani, usiulize.

Shati likipata vumbi tutalifua. Mapafu, mgeni rasmi, hatujaona beseni lake.

Utepe wa kukata hatukuweka. Hapo mezani kuna nyundo. Ng'oa msumari wa kwanza, mingine tuachie.

Mungu akujalie pumzi ndefu, wewe na wanao.

Ni sisi,
Mafundi wa Chumba cha Kushonea