Msafara wa Udongo Unaongozwa kwa Mkono

Mheshimiwa Mgeni Rasmi; Mwenyekiti wa Bodi ya Shule; Mkuu wetu wa Shule; wachungaji na mapadri mliokuja kutuombea; ndugu wazazi mlioacha palizi huko Mbozi na wateja wenu hapo mpakani; walimu wenzangu; na ninyi wanafunzi mlioshikilia baiskeli huku mkijifanya hamna wasiwasi: nawasalimu nyote kwa furaha.

Aliyesimama kulia kwangu ni Mwalimu Anna. Yeye ananitafsiria kwa lugha ya alama, maana shule yetu ina wanafunzi viziwi, na mmoja wao ndiye aliyenifanya niombe nafasi hii ya kusema. Nimemwahidi Mwalimu Anna kwamba leo sitakimbiza maneno. Wanafunzi wangu wa kemia wanacheka kwa sababu wanajua ahadi hiyo imeshanishinda mara nyingi.

Kwa wageni wetu, niseme kwanza tunachokwenda kufanya. Msafara wa Udongo ni safari ya baiskeli kutoka hapa Tunduma, kupitia Vwawa na Hasamba hadi Igamba, kisha kurudi Mpemba na kushika barabara ya kupanda Ileje. Kila penye shamba ambalo mwenyewe ameturuhusu, wanafunzi wanashuka, wanachota udongo, wanaukoroga katika maji safi, wanachovya karatasi ya kupimia na kuangalia rangi yake, ili wajue udongo ule una asidi kiasi gani na kama mahindi au kahawa ya mwenye shamba inateseka bure. Matokeo tunampa mwenye shamba pale pale, na nakala tunampelekea afisa kilimo.

Watu wananiuliza: Mwalimu Jenista, kwa nini baiskeli, kwani mabasi yameisha? Hayajaisha, ndugu zangu. Lakini ni lini mmeona basi likisimama kwenye shamba la mtu ili abiria washuke kumsalimia? Na lipo jambo jingine, ambalo nalisema bila kuficha. Kwa miaka mingi safari za sayansi zilikuwa na abiria wale wale: wenye Kiingereza chepesi, wanaokaa dawati la mbele, ambao mwalimu akiuliza swali tayari vidole viko juu. Mtoto aliyekua akivusha magunia kwa baiskeli kati ya hapa na Nakonde, upande wa Zambia, mwenye mapafu ya kupanda mlima wowote na macho ya kuona kila shimo, nani alimwita mwanasayansi? Mwaka jana tulipotangaza kwamba utafiti utafanyika kwa safari ya baiskeli, walijitokeza watoto ambao sikuwahi kuyasikia majina yao zaidi ya wakati wa kuita mahudhurio.

Mmoja wao alikuwa Sekela, ambaye sasa yuko kidato cha tatu. Sekela ni kiziwi tangu utotoni. Simameni kidogo mumwone, maana ni mfupi: ni yule aliye mbele kabisa, mwenye sweta la kijani, anayemtazama Mwalimu Anna na kunikunjia uso kwa kumwita mfupi.

Mwaka jana nilipanga kuongoza msafara kwa sauti yangu. Nilikaa nyuma, si kwa heshima ya cheo bali kwa sababu ya uzito, na shingoni nilining'iniza filimbi. Hatujafika hata Mpemba, filimbi imekuwa pambo. Ninyi wenyeji wa Tunduma mnaijua foleni ya malori: injini zinanguruma, breki zinapumua, makondakta wanaitana kwa Kiswahili, Kibemba na Kiingereza kwa wakati mmoja. Nilipuliza mpaka mashavu yakauma na hakuna aliyegeuka. Pale kwenye foleni, ndugu zangu, sote tulikuwa viziwi, na mmoja tu kati yetu ndiye aliyekuwa na uzoefu.

Tulipopumzika, Sekela alisimama mbele ya wenzake akawafundisha. Ngumi juu, simama. Kiganja kikishuka, punguza mwendo. Mkono wa kushoto ukinyooka, tokeni barabarani nyote, msiulize. Kisha akaenda kwa fundi wa bodaboda akarudi na kioo cha pembeni, akakifunga kwenye usukani wake, akatuonyesha kwa ishara kwamba kila baiskeli nayo iwe na chake. Tangu hapo yeye alikaa mbele, na sisi wengine tukawa tunafuata mkono wake.

Tulipokuwa tunaikaribia Vwawa, lori lilikuja nyuma yetu likitaka kulipita lori jingine, na mbele kulikuwa na basi linakuja. Aliyekuwa katikati ya mstari ni Brayan, yule mrefu pale, ambaye ana masikio mawili makubwa na mazima, nayajua vizuri. Upepo ulikuwa umeyajaza. Hakusikia lolote, nami sikusikia. Sekela aliliona lori kwenye kioo chake, mkono wa kushoto ukanyooka, na watoto wote wakaingia kwenye majani kama maji yanavyoingia mferejini. Lori lilitupita na upepo wake ukanivua kofia. Nilikaa chini kwenye nyasi nikalia, na sioni aibu kulisema hilo mbele ya Mgeni Rasmi.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Wiki iliyopita Baba Sekela, Ndugu Rabson, alikuja ofisini kwa walimu. Wengi mnamfahamu, ameendesha malori kwenda Zambia na Kongo tangu sisi wengine hatujui kuendesha hata toroli. Nilimwomba Sekela aongoze tena mwaka huu; alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akaniambia hivi:

"Mwalimu, mimi ndiye ninayekaa kwenye usukani. Nikiona baiskeli mbele yangu napiga honi, na nikishapiga, moyoni najua nimemaliza kazi yangu. Sasa honi hiyo mwanangu ataisikia kwa masikio gani?"

Nikamwambia habari za kioo. Akasema, "Kioo cha bodaboda kinaonyesha bega lako mwenyewe. Mwaka huu akae kwenye gari la huduma, na maji na pampu. Akifika shambani ashuke apime udongo na wenzake."

Bodi imesema, na imesema sawa, kwamba neno la mzazi ndilo la mwisho. Nami sikuja hapa kumdhihaki baba mwenye hofu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi kumwambia "usiogope" ni rahisi mno, maana mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Honi anaijua yeye kuliko mimi.

Lakini naomba, Baba Sekela, nikusimulie jambo la Igamba ambalo hukulishuhudia.

Huko Igamba tulimkuta bibi mmoja, Bibi Enesi, mahindi yake yamekuwa ya njano msimu baada ya msimu. Kiswahili chake ni cha sokoni, Kinyiha chake ni kirefu, na watoto wangu wa mjini Kinyiha wanakijua cha salamu tu. Brayan alijaribu kumweleza asidi ni nini. Alianza vizuri, akaingia kwenye haidrojeni, na bibi akaanza kumtazama kwa huruma. Sekela akamsogeza Brayan pembeni. Akachukua udongo kiganjani, akaunyooshea kidole, kisha akakunja uso na kufinya midomo kama mtu aliyeuma limau bichi. Akalionyesha jani la njano la mahindi, akarudia uso ule ule. Bibi Enesi alicheka mpaka akashika kiuno, halafu akauliza kwa mikono, kwa mikono yake mwenyewe, wala hakuna aliyemfundisha: sasa nifanye nini? Wakaelekezana habari ya chokaa ya kilimo, wawili hao, bila neno moja, na sisi tukasimama pembeni tumeshika vifaa vyetu.

Tangu siku ile, shuleni kwetu ishara ya asidi ni limau. Naitumia darasani hata kwa wanaosikia, na nawaambia ukweli, hakuna anayeisahau.

Juzi Bibi Enesi alinipigia kwa simu ya mjukuu wake. Mahindi yake mwaka huu ni ya kijani. Hakuuliza kama mimi nitakuja, na wala hakumuulizia Brayan na haidrojeni yake. Aliuliza, "Yule binti wa limau yupo?" Nikamwambia atajionea mwenyewe, kwa sababu nilikuwa sijui atafika akiongoza msafara au akichungulia dirishani mwa gari.

Tukimweka garini, ndugu zangu, atakuwa salama, silipingi hilo. Lakini wenzake watafuata mkono wa nani? Na yeye atajifunza nini, baada ya kutufundisha sisi sote, isipokuwa kwamba mahali pake ni pamoja na maji na pampu?

Baba Sekela, hujaniambia ndiyo. Nasema wazi ili nisikusingizie mbele za watu. Lakini leo asubuhi, kabla viti havijapangwa, nilikuona umepiga magoti kwenye uwanja huu na spana mkononi, unafunga kwenye baiskeli ya binti yako kioo kipya, kipana kuliko kile cha mwaka jana. Ulikaa kwenye tandiko ukakitazama, ukakirekebisha, ukakaa tena. Nimefundisha miaka mingi, na sijawahi kuona mtu anafunga kioo kwenye baiskeli itakayopakiwa kwenye gari.

Kama nimeelewa vibaya, spana unayo. Inuka ukifungue, na mimi nitakuwa wa kwanza kukushikia baiskeli, na hakuna atakayekulaumu.

Tunasubiri.

Naona hujainuka. Naona na macho unafuta. Asante sana, baba.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, umepewa filimbi ya kuwaanzisha vijana hawa. Naomba kwa heshima zote uitie mfukoni, uende nayo nyumbani iwe kumbukumbu. Wakishageuza baiskeli kuelekea getini, wewe utakuwa nyuma yao. Inua mkono tu. Sekela atakuona kwenye kioo alichofungiwa na baba yake, naye atainua wake, na wengine watamfuata.

Mlionisikiliza, asanteni kwa kunisikiliza. Na ninyi mnaosikiliza kwa macho, asanteni kwa kunitazama.