Sanduku la Maiki Nililolikalia

Nawasalimu kina mama wenzangu, na wazee mliokaa kule nyuma, shikamooni. Mwenyekiti ameniambia nisimtaje mtu. Sawa. Majina yote ninayo, ya waliokufa na ya waliopo, na mengine watoto wao wamekaa humu. Yatabaki kifuani.

Mnanijua, bibi wa maiki. Zile za zamani, nzito kama pasi ya mkaa, ambazo madukani wanawaambia mtupe. Ufundi huu sikuupata shuleni, shule niliishia darasa la pili. Nilifunzwa na mzee mmoja hapa hapa Lushoto, aliyerudi nao kutoka vita vya Wazungu. Macho yake yalipoanza kufifia akanichukua mimi, jirani yake, niliyekuwa nafuma vitambaa. Akasema, "Anayeona tundu la sindano ataona na waya wangu." Miaka ile ya Ujamaa mikutano haikuisha, na kila mkutano ulitaka kipaza sauti. Tuliletewa maiki mpaka kutoka Mtae. Alipoona siku zake zinakaribia, aliniita mbele ya mke wake akanikabidhi sanduku lake la vifaa. "Chukua. Likikaa bure litaota kutu." Nikalibeba kichwani hadi kwangu.

Ndugu zangu, nawaambia, matanga ya mzee hayajapoa, maiki ya kanisa hili ikafa. Nilikuwa nimetoka kuitengeneza, inasema vizuri. Ikarudi bubu. Nikaifungua, ikanuka moshi. Mwezi wa saba mnaujua ukungu wetu. Aliyekuwa anaitunza aliona ina unyevu, akaiweka darini juu ya meko, kama mahindi ya mbegu. Sasa maiki ya aina ile ndani ina kipande kama chumvi ya mawe, joto likikipata kimekwisha. Nikasema hivyo mbele ya wazee. Nikajibiwa, "Mwanamke akiharibu, anasingizia moshi." Maiki ikapelekwa Tanga. Watu wakaacha kuja kwangu, nikarudi kwenye vibarua vya shamba. Nililia, sifichi.

Siku moja nimetoa sanduku barazani lipate jua, mpwa wa marehemu akaja na wenzake wawili.

"Mama, tumefuata sanduku la mjomba."

"Mjomba wako alinipa."

"Huu ni Ujamaa. Hakuna sanduku la mtu mmoja. Ni mali ya kijiji."

"Basi lete na baiskeli yako, tuigawane."

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. Alipoinama kushika mkono wa sanduku, nikalikalia.

"Inuka, mama."

"Niinue wewe."

Mke wa mtu nani atamshika? Wakakaa kwenye ngazi. "Tutasubiri," akasema. "Utasikia njaa."

Nikakaa. Jua likahama, mgongo ukauma, na ndani wanangu hawajala. Nawaambia ukweli, nilishaanza kuwaza niwape, yaishe.

Ndipo akapanda muadhini wa msikiti wa kule bondeni, mzee kabisa, ana maiki ameifunga kwenye kitambaa. Sote tukampa shikamoo.

"Marahaba. Mwanangu, Ramadhani inakaribia na sauti inakatikakatika. Nitazamie."

"Mzee, vifaa vimo humu nilimokalia. Nikiinuka, hawa wanalibeba."

Akawatazama wale. Akalitazama sanduku. "Toa unachotaka."

Nikainuka, nikatoa bisibisi, koleo na chuma cha kulehemu, nikafunika. Mpwa hajasogea, mzee akakunja kanzu yake, akakaa juu ya sanduku na tasbihi mkononi.

Kwetu hapa, mzee wa vile hata kumpita bila kumwamkia ni aibu ya ukoo mzima. Kumwinua je?

"Mzee," mpwa akasema, "hilo sanduku..."

"Gumu kidogo," akajibu, "lakini linakalika."

Nikacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Nikachochea mkaa. Nikawa napinda waya kidogo kidogo, sikio kwenye kisikilizio, mpaka nikasikia unapokwaruza: ulikatika shingoni, ndani ya mpira. Nikaukata pale, nikalehemu. Wale waliondoka bila kuaga.

Magharibi ile adhana ilipanda mpaka huku juu, safi, na waliopeleka maiki yao Tanga waliisikia. Wakaanza kurudi mmoja mmoja. Hakuna aliyeniomba radhi, na mimi sikuisubiri. Niliwatengenezea. Natengeneza mpaka leo.

Namshukuru mjane wa fundi, ambaye baadaye alisema hadharani kwamba alishuhudia nikikabidhiwa. Namshukuru mume wangu, aliyewapikia watoto jioni ile na hakuniuliza kitu. Na yule mzee, Mungu amlaze pema. Wajukuu wake wakija na maiki, wanajua mlango.

Kina mama, sina mengi. Mtu akija kukuambia kazi uliyofunzwa si yako, usianze kumweleza. Kalia kwanza. Ukichoka, mwache jirani akalie badala yako, hata kama hasali mnaposali ninyi.