Mkandaji Aliyekataa Kuchaguliwa

Kofi moja lilisikika usiku wa tarehe 11 Februari 1969 huko Makote, wilayani Newala, kisha kimya, kwa maana mtoto aliyezaliwa hakulia, na bibi yake, aliyekuwa mkunga, hakupiga la pili, bali alijipaka mafuta ya nyonyo viganjani, akakikanda kifua kile kidogo mpaka mtoto akavuta pumzi. Ndugu waombolezaji, mtoto huyo ndiye mama yetu aliyelala mbele yenu, na mimi Anthony, mwanawe wa pili, familia imenituma niwasomee maisha yake.

Alisoma Shule ya Msingi Makote kuanzia mwaka 1977 hadi 1983, na jioni alifuatana na bibi kuwakanda wazazi waliotoka kujifungua kwa maji ya moto, akajifunza kuona kwa vidole, hata watu wakasema anapajua panapokuuma kabla hujamaliza shikamoo yako.

Tarehe 8 Oktoba 1988 alifunga ndoa na baba yetu, Mzee Kasiani, fundi seremala wa Lulindi, wakajaliwa watoto watatu, Agatha, mimi na Furaha, na wajukuu watano, na tangu dada yetu azaliwe, Baba hakumwita vingine ila Mama Agatha.

Kuanzia mwaka 1996 alikuwa mhudumu wa chumba cha mazoezi ya viungo katika hospitali ya Ndanda, na mwaka 2011 akaajiriwa katika nyumba moja ya masaji Masasi mjini. Mwenye nyumba ile aliandika jina la Mama kwa rangi nyekundu juu ya mlango, wateja wakawa wanaingia wakilitaja hilo hilo, naye akakanda migongo kutwa nzima huku wenzake sita wameketi kwenye benchi, na mdogo wao, Happiness, alikaa siku tisa bila kuitwa, siku ya kumi akaja na ungo wa mchele, akasema, "Bora nichambue mchele, mikono nayo isilale njaa." Wenzake walicheka, Mama hakucheka.

Tarehe 3 Machi 2014 Mama na hao sita walitoka, wakapanga vyumba viwili karibu na stendi, wakaanzisha ushirika wao wenyewe, kila mmoja na kura moja, mwenyekiti akikaa mwaka mmoja kisha anarudi kufua mashuka, na kanuni ya kwanza ilikuwa ya Mama: mteja hachagui mtu, anataja panapomuuma, anayefuata kwa zamu ndiye anayemkanda, na wote humo ndani wanaitwa Mkandaji.

Wiki ya pili mnunuzi mmoja wa korosho kutoka Newala alishuka kwenye gari amejishika kiuno, akalitaja jina la Mama, akasema, "Namtaka huyo, wengine waendelee na mapishi." Mama alikuwa mlangoni na beseni la mashuka, akamjibu, "Karibu baba, zamu ni ya Happiness." "Huyu mtoto? Mimi sikuja kufanyiwa majaribio." "Haya baba, kama kiuno kinaweza kusubiri, na kisubiri."

Akaondoka kwa hasira, akaeneza habari, na kwa wiki tatu hakuingia mteja hata mmoja, mpaka wenzake Mama wakamleta fundi wa mabango na kopo lake la rangi, wakamsihi, "Mkandaji, jina lako tu, tutakufa na hii kanuni." Mama akasema, "Mkiliandika jina langu, Happiness anarudi kwenye mchele," akamwelekeza fundi aandike mgongo, kiuno, shingo, miguu, na tangu siku ile hakuitikia tena jina lake, wala sisi hatukuthubutu kulitamka.

Wakaanza kuja waokota korosho waliokunjwa na msimu, wakaja wazazi na waendesha bodaboda, na mwezi wa tano akarudi yule mnunuzi, amepinda, akasema neno moja tu, "Kiuno," zamu ikaangukia kwa Happiness, na mnunuzi akatoka amenyooka akiona haya. Mimi nilisimama kwenye mlango ule mara nyingi nikastaajabu, kwa kuwa watu waliingia wameshikiliwa wakatoka wakitembea, na usingeweza kujua ni mkono wa nani uliowagusa.

Tarehe 19 Novemba 2024 Mama alipata kiharusi, upande wa kulia ukafa ganzi, akatibiwa na kurudishwa nyumbani, na wanaushirika, ambao sasa ni ishirini na watatu, wakawa wanakuja kumkanda kila siku. Siku moja Agatha, kwa uchungu, aliomba aletwe mwenye mkono mzuri kuliko wote, na Mama, kwa ulimi mzito, akauliza, "Zamu ya nani?" Ilikuwa ya binti mwenye miezi miwili tu kazini, na Mama akamwachia mkono wake wote, akisema, "Hapo hapo, mwanangu." Alifariki tarehe 6 Mei 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa anakandwa na aliyekuwa zamu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Lulindi kwa maji, kuni na mikesha, na wanaushirika, waliolibeba jeneza hili kwa kupokezana.

Mama, jana jioni wenzako walikutana hapa msibani, wakanyoosha mikono yote ishirini na mitatu, wakaniruhusu nilitamke jina lako, kwa kuwa leo humo tena kwenye zamu, na hakuna atakayekutaka wewe akamwacha mwenzako benchi. Pumzika sasa, kwa amani yote, Scholastika.