Akanisi Alikuwa Labasa, Sydney na Kusikojulikana

Benchi la Naqiri lina miguu mitatu ya kwake na mmoja wa kuazima, tofali. Limeegemea ukuta wa duka la kava, kinywaji chetu cha mizizi, mkabala na kituo cha basi, na ukipita hapo Jumamosi jioni bila kupiga kofi moja na kunywa kifuu kimoja, watu wataulizana kama una homa. Beseni hukaa katikati, karanga kwenye gazeti, na anayechota ni Setareki, dereva teksi, ambaye kwa besi yake aliitwa Injini hata kabla hajajua kuendesha. Kulia kwake ni Maciu, mstaafu wa bandarini, anayejua mambo kabla hayajatokea, ndiyo maana wanamwita Serikali. Jioni hiyo Akanisi, katibu wa kwaya, alikaa ukingoni, upande wa tofali. Wimbo mpya wa kwaya, uliofichwa tangu Pasaka kwa ajili ya mashindano ya Jumamosi ijayo, ulikuwa umesikika ukiimbwa na mahasimu wao, kwaya ya kijiji jirani cha Delaidamu, tena stendi, tena na madoido yake yote. Mchungaji akasema neno moja tu: aliyeutoa wimbo haimbi. Na Akanisi ndiye aliyepewa kuanza ubeti wa kwanza peke yake, heshima aliyoitamani tangu akisoma shule ya Jumapili.

– Bamvua au maji mafu? Injini alimuuliza, kifuu mkononi, maana hapo kifuu kilichojaa ni bamvua na cha nusu ni maji mafu.

– Maji mafu. Leo hata mate hayapiti.

– Mtani wangu, mwizi ndiye anayekunywa kidogo. Anaogopa kuropoka.

– Na dereva mlevi wa kava anaogopa nini? Maana nauli zako hazina breki.

Kwa watani hawa wawili, siku isiyo na matusi ni siku ya msiba. Lakini Akanisi alicheka nusu nusu tu, kwa sababu Mwalimu Apenisa, anayeiongoza kwaya, alikuwa ameshaitoa tableti yake mfukoni na kuipangusa kwa pindo la sulu, shuka aliyojifunga kiunoni. Tableti hiyo aliletewa na bintiye kutoka Brisbane, na huishika kwa mikono miwili kama sahani ya mchuzi.

– Jamani, alisema Mwalimu, nyimbo zetu ziko kwenye folda ya mtandaoni ili walio mbali wafanye mazoezi. Sasa hiyo folda ina tabia moja. Inakumbuka. Anayefungua, anayepakua, anayefuta, anayemkaribisha mtu wa nje, yote inaandika. Jina, mahali, saa, na chombo alichotumia. Mchungaji ameagiza nisome hapa, mbele ya watu, kisha nimpigie simu.

– Soma, alisema Serikali. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

– Kuku kaingiaje hapa? aliuliza Injini.

– Ataingia tu. Soma, Mwalimu.

– Jumatatu. Akanisi amefungua sauti ya tenor, akiwa Naqiri.

– Huyo ni mimi, alisema Akanisi. Nilikuwa nasikiliza kama imenaswa vizuri.

– Jumanne asubuhi. Akanisi amepakua besi, akiwa Labasa.

– Labasa? Mimi? Labasa si mpaka uvuke bahari?

– Asubuhi hiyo hiyo. Akanisi amefungua alto, akiwa Sydney. Na mchana wake, Akanisi amefungua besi tena, mahali hapajulikani.

Benchi zima likamgeukia Akanisi. Hata tofali. Akaona ameshikwa, maana jina lilikuwa lake, limeandikwa na mashine, na mashine haina mtani wala shemeji wa kumsingizia.

Serikali akakohoa, kikohozi cha mtu anayetoa tamko.

– Hiyo ni waya. Intaneti yetu yote inapita kwenye waya chini ya bahari. Papa ameuma. Papa akiuma waya, maneno yanachanganyika humo ndani, Labasa inaingia Sydney. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako.

– Papa yuko kwenye nguo ya nani, mzee?

– Ya bahari. Bahari nayo ina nguo.

– Acha zako, alisema Injini. Papa hajui kuandika Akanisi. Mimi nasema wako wawili. Mtani, wewe ulizaliwa usiku wa kimbunga, umeme hakuna. Wauguzi walihesabu watoto gizani. Pacha wako akaenda na familia nyingine, leo anakula raha Sydney.

– Na huyo pacha akipanda ndege kutoka Labasa hadi Sydney asubuhi moja, ana mbawa?

– Nani kasema mapacha? Watatu.

Akanisi akashindwa, akacheka mpaka akashika ukuta. Serikali hakupenda kupitwa.

– Mnacheza. Hao Delaidamu wamenunua setilaiti. Inakaa juu ya Naqiri, inasikiliza mazoezi, halafu inaandika jina la mtu mpole ili tugombane. Nani hajaona bazaari yao? Wiki tatu wanauza muhogo. Fedha zimekwenda wapi?

– Setilaiti ya muhogo, alisema Injini.

– Haba na haba hujaza kibaba.

Hapo ndipo gari la mikate lilipoegesha. Akashuka Pranil, ambaye husambaza mikate Naqiri na Delaidamu pia, si mwanakwaya wala mkristo, ila ana sauti ya Mungu tu akiwa bafuni. Akaweka mfuko wa bhuja, dengu za kukaanga, kwenye gazeti, akapiga kofi moja, akanywa bamvua bila kupumua, akapiga makofi matatu. Wakamweleza yote, kila mtu akiongezea papa wake.

– Kaka zangu, alisema Pranil akitafuna. Paswedi ya dada Akanisi, nani kati yenu hana?

Injini akaanza kukoroga beseni, na beseni halikuhitaji kukorogwa. Serikali akaona jambo muhimu sana upande wa kituo cha basi.

– Wewe inakuhusu nini? Hata kwaya humo, alisema Injini hatimaye.

– Nauliza kwa sababu hata mimi ninayo. Imechongwa hapo kwenye nguzo, juu ya kichwa cha Serikali.

Wote wakageuka. Ilikuwepo kweli, herufi zote na alama ya mshangao mwishoni, imechongwa kwa kisu na mtu asiye na haraka.

– Nilichonga nisimsumbue mtani kila mara, alisema Injini kwa sauti ndogo, na sauti yake ndogo husikika mpaka ng'ambo ya barabara. Na Labasa nilikuwa mimi, kwenye msiba wa mjomba. Nilitaka kufanya mazoezi kidogo.

– Na Sydney? aliuliza Akanisi.

Serikali alijikuna goti.

– Binti yangu. Anaosha vyombo vya watu huko, akiisikia alto ya nyumbani mikono haimuumi. Nilimpa. Na hapo pasipojulikana ni mimi, kwenye meli ya kwenda kisiwa cha Kadavu. Nilitaka kujua kama ningeweza besi.

– Ungeweza?

– Hapana.

Akanisi aliwaangalia mmoja mmoja, na akakumbuka. Injini alimwomba kwenye harusi, sahani mkononi: kerekere, mtani, paswedi tu. Serikali alimwomba mlangoni pa kanisa. Mtu wa kwenu akikuomba kwa kerekere unampa, liwe jembe, liwe shati la mwilini, na kesho utamwomba wewe. Akanisi hakuwahi kumnyima mtu hata chumvi. Paswedi ingemshinda nini?

– Bado mstari mmoja, alisema Mwalimu. Ndio wenyewe. Jumatano jioni. Akanisi amemkaribisha mtu wa nje kwenye folda nzima. Chombo: tab... tableti.

Akaitazama ile tableti. Akaigeuza nyuma, kana kwamba huko kumeandikwa jina la mtu mwingine.

– Naqiri hii, aliuliza Pranil, nani ana tableti?

– Ngojeni. Mimi sikuwapa Delaidamu. Nilimpa mama mkwe, kwa paswedi hiyo hiyo. Mgongo unamsumbua, hatoki nyumbani, akamtuma mke wangu aniombe wimbo wa kumliwaza. Mama mkwe unamnyimaje?

– Hanyimwi, alisema Pranil. Lakini mama mkwe anakaa wapi?

Mwalimu aliipangusa tableti tena.

– Delaidamu. Mlango wa pili kutoka kwa mwalimu wao.

Injini aliangua kicheko hadi beseni likayumba, Serikali akalidaka akipiga kelele kwamba mficha uchi hazai, na safari hii hakuna aliyemuuliza maana yake. Akanisi alicheka huku machozi yakimtoka, na hakuyafuta, kwa kuwa yalikuwa ya kutua mzigo.

Mwalimu ni mtu mzima. Alipiga simu pale pale, sauti nje, akasema yote, mpaka mama mkwe. Upande wa pili kikasikika kitu kama kikohozi kinachozuia kicheko.

– Nilisema aliyeutoa haimbi, alisema Mchungaji. Mwalimu wa kwaya huwa haimbi, anapunga mikono. Basi apunge. Ila viti vya wageni wote atabeba yeye. Na ubeti wa kwanza nao wanao?

– Haumo kwenye folda, alisema Akanisi. Haujawahi kunaswa. Uko kooni mwangu.

– Basi wana mkia, sisi tuna kichwa. Nenda ukapumzishe koo, binti yangu.

Hakulipumzisha. Aliuanza ubeti hapo hapo benchini, taratibu, Injini akaingia chini, Mwalimu akapunga, na Serikali akaimba besi isiyowezekana bila aibu yoyote. Dereva wa basi la saa kumi na mbili alizima injini akasikiliza.

Walipomaliza, Akanisi akachukua tableti, akabadilisha paswedi, akatangaza kwamba kuanzia leo kila mmoja ataingia kwa jina lake. Wote wakaafiki, wakasifu, wakapiga makofi matatu. Kisha Injini akajisogeza karibu.

– Mtani. Hilo jina langu nitalisahau tu. Kerekere, nipe hiyo mpya.

Akanisi akamtazama, akitabasamu.

– Na mimi kerekere, mtani. Usiniombe.

Serikali akatafuta methali, akakosa. Mwalimu akaitazama tableti kama itajua.

– Sasa hapo, aliuliza Pranil, nani amnyime mwenzake?

Injini akainamisha beseni achote kifuu cha kumpa muda wa kufikiri, akakuta kava imekwisha, kimebaki kitambaa cha kuchujia.