Mikono Juu: Afande Fatumah Anatuaga

Baada ya miaka ishirini na sita ya kutupigia kelele, Bi. Fatumah Wahab, Afisa Usalama Kazini wa kiwanda chetu cha mafuta ya alizeti hapa Jinja na tawi lake la Mbale, anastaafu rasmi tarehe 31 Julai 2025. Masikio yetu yanashangilia. Vidole vyetu vina huzuni.

Bi. Fatumah ni mzaliwa wa Mpumudde, hapahapa Jinja, binti wa mwanajeshi na mjukuu wa mwanajeshi, na nyumbani kwao Kiswahili kilianza pamoja na chai ya asubuhi. Yeye mwenyewe hajawahi kuvaa gwanda, ila tangu wiki ya kwanza tulimwita Afande, naye akaitika. Alianza kama karani wa stoo ya magunia, akahamishiwa usalama kwa sababu, kama alivyoeleza mkubwa mmoja wa zamani, stoo ilikuwa ndogo kwa sauti ile.

Enzi hizo kazi ya usalama ilikuwa kusubiri mtu aumie, kisha kubishana naye kuhusu fidia. Wakubwa walikuwa na ubunifu wao wa kupunguza madai: aliyekatika kidole aliambiwa arudi wiki ijayo, labda atakuwa amesahau. Bi. Fatumah aliwaambia waziwazi kwamba anayeumia atadai haki yake, na yeye ndiye atakayemsindikiza. "Mimi nazuia damu," alisema. "Hiyo fidia itakosa kazi yenyewe."

Dawa yake ilikuwa maneno mawili. Kabla mashine ya kukamua haijawashwa, aliamuru: "Mikono juu!" Kila mtu ainue mikono yote miwili, mwenye swichi aione, ndipo awashe. Penginepo hayo ni maneno tu. Kwetu Uganda, Kiswahili cha sauti ya juu, cha askari na wanyang'anyi, kina kumbukumbu zake. Siku ya kwanza Mbale, watu wazima walilala kifudifudi juu ya mashudu, na mhasibu wetu Tyson, aliyekuwa anapita tu, alitoa simu na saa akaviweka mezani. Alirudishiwa vyote, na hilo ndilo lililomshangaza zaidi.

Si wote waliocheka. Mama Janepher wa mizani, aliyekulia miaka ya utawala wa jeshi, alilia. "Hiyo maneno nilikimbia tangu niko mtoto," alisema, "sasa inanifuata mpaka kwa kazi?" Afande alikwenda akakaa naye mizani mchana kutwa. Walizungumza nini, hatujui mpaka leo, na si kwamba hatukuuliza. Malalamiko hata hivyo yalimfikia meneja wa Mbale, Bwana Wanyama, akapiga marufuku amri ile na kununua kengele ya umeme. Ilikuwa kengele nzuri sana, umeme ulipokuwepo.

Mwaka juzi, hukohuko Mbale, umeme ulikatika mashine ikiwa imesakamwa na mashudu. Magidu, fundi wetu, akazunguka nyuma akaingiza mkono wa kulia kuyachokonoa. Jenereta ikawashwa. Kengele, ambayo hakuna aliyekumbuka kuiunganisha na jenereta, ikanyamaza kwa heshima. Odongo, mwenye zamu ya kuwasha, akasogelea swichi. Bi. Fatumah, aliyekuwa amekuja kutoka Jinja kwa ukaguzi, hakumwona Magidu. Aliona kidole cha Odongo tu, na marufuku ya meneja ikamtoka kichwani.

"Mikono juu!"

Ukumbi mzima ukainua. Mama Janepher aliwatangulia wote. Bwana Wanyama aliinua yote miwili, pamoja na kalamu. Nyuma ya mashine ukapanda mkono mmoja.

"Afande," Odongo alisema polepole huku akiondoa kidole, "hapa mkono iko moja tu."

Tukasubiri wa pili. Ulitoka umejaa mafuta mpaka kwenye kiwiko, vidole vyote vikiwa mahali pake. Magidu akakaa sakafuni. Tuliogopa sana siku hiyo, na hakuna aliyefanya mzaha.

Marufuku ilifutwa mchana huohuo. Kengele ingali ukutani; njiwa wanaipenda. Mbale siku hizi amri hutolewa na Mama Janepher, aliyeiomba kazi hiyo mwenyewe, na sauti yake inatisha kuliko ya mwalimu wake.

Kwa waendesha boda wa Mpumudde, tunatoa pole mapema. Afande sasa atashinda nyumbani, na helmeti zenu bado zinaning'inia kwenye usukani.

Kwako, Bi. Fatumah: asante kwa makelele. Tunakuombea siku ndefu, usingizi wa mchana, na majirani wasikivu. Kwenye sherehe hatutapiga makofi. Mama Janepher atatoa amri, nasi tutainua vidole vyote ulivyotuachia.

Keki itakatwa na Magidu. Ameomba atumie mkono wa kulia.